Mkwe Aliyeuzwa Lango la Polvon

Bikajon alikuwa na miaka themanini na moja na meno sita, na kwa meno hayo sita alikwisha kuwang'ata wachumba wanne wa mjukuu wake mpaka wakakimbia. Wa kwanza alikuwa mlevi. Wa pili alikuwa na mama mlevi. Wa tatu hakunywa kabisa, na Bikajon akasema mwanamume wa Urganch asiyekunywa ana ugonjwa anaouficha. Wa nne aliambiwa ana masikio ya kuazima, akarudi kwao akiyashika.

Wa tano alikuwa Nepes, ambaye asubuhi hiyo ya Oktoba aliwaendesha kwenda mji wa kale wa Khiva katika kigari chake cha Damas, mikono yote miwili kwenye usukani kama mtu anayefanya mtihani wa leseni. Kando yake alikaa baba yake, Orazgeldi, mchinjaji wa kondoo, Mturkmeni mwenye mwili wa kabati na kofia ya manyoya ambayo kila tuta la barabarani iligonga dari. Nyuma walibanana watatu: Bikajon katikati na fimbo yake, mjukuu wake Poshsha upande mmoja, na upande wa pili Matniyaz, mtoto wa Bikajon na baba wa Poshsha, fundi wa kuchomelea mageti.

Matniyaz hakuwa amelala. Jumanne Poshsha alimfuata karakana, akazima mashine ya kuchomelea kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Baba, bibi akimkataa na huyu, mimi naondoka. Kaka wamenitafutia kazi Moscow. Tiketi ya treni ni ya Jumatatu."

"Utarudi lini?"

"Kaka walisema watarudi lini?"

Kaka zake walisema watafanya kazi msimu mmoja tu. Huu ulikuwa msimu wa nane. Matniyaz aliyaona akilini maisha yaliyokuwa yakimngoja: yeye na mama yake, wawili tu, meza moja, birika moja la chai, kila siku, mpaka mmoja wao afe. Na alijua fika kwamba atakayekufa si mama.

Angeweza kusema, mimi ndiye baba, nimekubali, yamekwisha. Wanaume wengine husema hivyo. Lakini Matniyaz alikuwa na miaka hamsini na nne na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia mama yake hapana, hata kuhusu rangi ya soksi. Baba yake alikufa mapema, mama akamlea kwa kuuza matikiti sokoni, na kila tikiti alilokula linamlemea shingoni mpaka leo.

Washenga wa Orazgeldi walipokuja mara ya tatu, Bikajon aliwaambia, "Sijibu hapa. Orazgeldi anipeleke Khiva. Nitajibu langoni."

Hawakuuliza lango gani. Urganch nzima ilijua. Bibi mzaa bibi yake Bikajon alikuwa binti wa Kiajemi, akatekwa na Waturkmeni akiwa na miaka tisa, shambani kwao karibu na Mashhad, akaletwa amefungwa juu ya farasi kupita jangwa lote na kuuzwa Lango la Polvon, kabla Warusi hawajaja kulifunga soko. Bikajon aliisimulia hadithi hiyo harusini, matangani, na mara moja kwenye mkutano wa wazazi shuleni ambako ajenda ilikuwa chawa.

"Mchinjaji," alisema sasa, akimgonga Orazgeldi begani kwa fimbo, "njia unaijua? Au wenzako walikuwa wanakuja gizani tu?"

"Naijua, mama. Huwa naleta kondoo."

"Zamani hamkuleta kondoo."

Nepes aliongeza mwendo, akaona uso wa Bikajon kwenye kioo, akapunguza.

"Bibi, jamani," alisema Poshsha, "mtu hajanywa hata chai."

"Bibi yetu aliyetekwa hakunywa chai siku arobaini."

"Siku arobaini hakuna anayefika hai, bibi. Mwaka jana zilikuwa ishirini."

"Mwaka jana nilikuwa na huruma."

Mashamba ya pamba yalikuwa yamekwisha kuchumwa, yamebaki na mabua na vipande vyeupe huku na kule kama mtu aliyenyoa ndevu vibaya. Miti ya mipopla kando ya barabara imegeuka manjano. Ilikuwa siku nzuri ya kutembea, na Matniyaz alijisikia kama mbuzi anayepelekwa kutazama mandhari ya machinjio.

Nje ya lango palikuwa na ngamia aliyepambwa riboni na mwenye ngamia aliyekosa wateja. Bibi harusi wawili walikuwa wakipigana vikumbo kugombea ukuta wa kupigia picha. Kijana mmoja, mwongoza wageni, alikuwa ameinua mwavuli juu na kuwaambia wazee wa Kifaransa kwamba hapa palikuwa kituo muhimu cha biashara, ambapo bidhaa za nchi nyingi ziliuzwa na kununuliwa.

"Bidhaa ndiyo mimi!" alisema Bikajon.

"Samahani, bibi?"

"Nitazame. Bidhaa. Waambie."

Kijana alitazama karatasi yake. "Bibi, mimi nasema kilichoandikwa."

"Andika basi. Penseli unayo?"

Matniyaz alimvuta mama yake taratibu. Waliingia ndani ya lango, ambalo si lango tu bali ni ushoroba mrefu wenye kuba, giza, na kuta zake zina mashubaka pande zote mbili, makubwa kama midomo ya tanuri. Hapo ndipo watu walipokalishwa wakingoja mnunuzi. Waliotoroka wakakamatwa, inasemekana, walipigiliwa misumari masikioni kwenye mbao za lango wakaachwa siku tatu wafikiri. Sasa kila shubaka lilikuwa na duka. Moja liliuza sumaku za friji, moja kofia za manyoya, moja sahani za maua.

Bikajon alihesabu kwa fimbo. "La tatu, kushoto. Bibi yangu alisema la tatu, kushoto."

Shubaka la tatu kushoto lilikaliwa na mwanamke mpana anayeuza soksi za sufu.

"Ondoka hapo," Bikajon alimwambia.

"Nunua kwanza."

"Bibi mzaa bibi yangu aliuzwa hapo ulipokaa."

"Na mimi nauza hapo nilipokaa. Pea mbili, nakupisha robo saa. Sufu safi ya ngamia."

Bikajon alizivuta soksi, akazinusa. "Ngamia huyu hajawahi kuona jangwa. Amezaliwa kiwandani."

"Mama, miguu yako haitamuuliza cheti cha kuzaliwa."

Walitazamana kwa heshima ya watu wanaoijua kazi. Matniyaz akalipia pea mbili, mwanamke akakusanya soksi zake, akasogea pembeni lakini hakwenda mbali. Alihisi kuna kitu kinakuja, na hakutaka kukikosa.

"Orazgeldi," alisema Bikajon. "Ingia."

"Wapi, mama?"

"Humo. Kaa. Nakuuza."

Poshsha alisema "Bibi!" na Nepes akasema "Baba..." na Matniyaz hakusema kitu, jambo ambalo alikuwa na uzoefu nalo.

"Wenzako walikaa nje wakachagua watu wakae ndani," Bikajon aliendelea. "Leo ndani ni wewe. Ukikaa, nitatoa jibu. Usipokaa, jibu umelipata, na tuende tukale."

Orazgeldi alimtazama mwanawe. Nepes alikuwa mwekundu mpaka kwenye kope. Mchinjaji akageuka, akajaribu kuingia, kofia ikakwama. Akaivua. Ndani yake kulikuwa na kichwa kipara, cheupe, laini kama yai, kichwa ambacho bila shaka hakuna mtu aliyekiona tangu enzi za Wasovieti. Mwenye soksi alifunika mdomo. Orazgeldi alikaa, magoti yakamfika kidevuni.

"Fungua mdomo."

Akafungua.

"Meno ya dhahabu matatu. Haya ndiyo ya thamani, mengine ni mzigo." Bikajon aligonga goti lake kwa fimbo, akabinya mkono wake, akageukia ushoroba na kupaza sauti aliyoijenga kwa miaka arobaini sokoni. "Nani ananunua! Mturkmeni mmoja, ametumika! Anakula kondoo mzima, anakoroma, kichwa kimeshamenywa!"

Watu wakaanza kusimama. Mmoja wa bibi harusi alikuja na shela lake mkononi. Wafaransa walipiga picha, na mwongoza wageni alitafuta kwenye karatasi yake, hakukuta.

"Mimi hata bure simtaki," alisema mwenye soksi. "Ninaye mmoja nyumbani, na yule angalau ana nywele."

"Namchukua mimi," alisema mwenye ngamia, "kama mkinipa na ngamia wa pili juu yake."

"Huyo ndiye ngamia wa pili!" mtu akajibu nyuma, na ushoroba mzima ukacheka. Hata Poshsha alicheka, akageukia ukutani mabega yakimtikisika. Hata Orazgeldi alitabasamu, kwa upande wa dhahabu. Matniyaz alianza kupumua. Alifikiri: akicheka, atakubali.

Lakini Bikajon hakuwa anacheka.

"Babu zako walisimama pale nilipo," alisema kwa sauti ya chini, "wakamtazama mtoto wa miaka tisa humo ndani, wakacheka. Cheka na wewe. Vizuri. Nisikie."

Tabasamu la Orazgeldi liliondoka.

"Hakuna wa kwetu aliyecheka hapa, mama."

"Walilia?"

"Mama wa babu yangu alilia." Alijaribu kunyoosha mgongo, kuba la shubaka likamkatalia. "Aliletwa hapa naye. Mwajemi, kama wenu. Alikuwa na jicho moja bovu. Alikalishwa siku nne, hakupatikana wa kumtaka. Yule aliyemteka akachoka kumlisha hapa, akamrudisha kijijini, akamzalisha. Ndio sisi." "Kwetu tunaitwa gul, wana wa mtumwa. Vizazi vinne vimepita na bado watu wanajua nani ni nani. Hakuna Mturkmeni wa damu safi anayetupa binti yake. Nepes amekataliwa nyumba tatu. Unadhani washenga wangu walikuja kwako mara tatu kwa sababu wanapenda matusi?"

Mwenye soksi alisema, "Ee Mola," polepole.

Poshsha alimtazama Nepes. Nepes alitazama viatu vyake. "Nilitaka kukuambia," alisema.

"Sasa hilo ndilo uliloficha? Nilidhani una mke mwingine huko Gurlan," alisema Poshsha.

Matniyaz alimgeukia mama yake. Moyoni alisema, sasa imekwisha vizuri. Bibi yetu aliuzwa, bibi yao alikosa mnunuzi, wote walilia kwenye ukuta mmoja, watakumbatiana hapa, tutakwenda kula. Aliona hata jicho la mama yake limelowa.

Lilikuwa limelowa kwa hasira.

"Hata kuuzika hakuuzika!" alisema Bikajon.

"Mama..."

"Siku nne! Sisi angalau tulinunuliwa! Asubuhi moja tu! Watu wawili walimgombea bibi yetu, mmoja aliongeza na punda!" Fimbo ilipiga matofali. "Nimeishi miaka themanini na moja nikingoja mjukuu wa mteka watu aje anipigie magoti. Nimewafukuza wachumba wanne wazuri..."

"Bibi, uliwaita..."

"Nyamaza! Wachumba wanne wazuri, nikasema huyu wa tano ndiye, huyu baba zake walikuwa majambazi wa kweli, huyu nitamkalisha chini. Na leo unaniletea mtumwa mwenzangu! Tena masalia! Watu watasema Bikajon alimtoa mjukuu wake kwa mabaki ya sokoni. Jibu langu mlilingoja, basi jibu langu ni..."

Matniyaz aliona treni ya Jumatatu. Aliiona vizuri, na mabehewa yake, na taa ya nyuma ikipotea. Aliona birika la chai na vikombe viwili. Hakupanga alichofanya. Mguu ulisogea wenyewe, mkono wake wa kulia ukaukamata mkono wa mama yake, wa kushoto ukaukamata wa Orazgeldi, akaviweka vile viganja viwili pamoja na kuvifungia kwa mikono yake, mikono ya fundi chuma.

"Mama, bado hatujafika bei," alisema.

Soko la mifugo la nchi ile halifanyi biashara kwa mdomo mtupu. Dalali hushika mkono wa muuzaji na wa mnunuzi, akaipandisha na kuishusha kama mtu anayepiga pampu ya kisima, na hakuna anayerudishiwa mkono wake mpaka bei ikae. Ikikaa, viganja vinapigwa, pande zote zinasema baraka, na kuanzia hapo hata baba mzazi hawezi kulirudisha neno. Mtu aliyepigisha mkono kisha akageuka, kesho yake hauziwi hata chumvi. Wenye matikiti nao walifuata sheria hiyo hiyo, na Matniyaz alikulia chini ya meza ya matikiti.

"Bei ya nini? Niachie mkono."

"Ya huyu. Umemweka shubakani, umemnadi mbele za watu. Hakuna aliyemchukua, basi mnunuzi umebaki wewe."

"Simtaki!"

"Kila mnunuzi anaanza na simtaki." Alianza kupiga pampu. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini ilitoka. "Orazgeldi, sema. Unataka nini?"

Orazgeldi alikuwa mtu wa kondoo. Alielewa kabla swali halijaisha, na mkono wake ukakaza. "Nataka msichana."

"Kwa sharti gani?"

"Kwa desturi yetu. Mkwe wa kike anashika ncha ya mtandio mdomoni mbele ya wakwe, hasemi neno. Miaka mitatu."

"Nini?" alisema Poshsha.

Hapo Bikajon angeweza kusema hapana, akamaliza. Mdomo ulikwisha kufunguka. Lakini mtu alikuwa ameshika kiganja chake, kinapanda, kinashuka, na amesikia bei ya kipumbavu, na kwa miaka arobaini hakuwahi kuiacha bei ya kipumbavu ipite bila kuipiga kofi.

"Miaka mitatu? Huyu? Huyu alizaliwa anamtukana mkunga!"

"Miwili, kwa sababu yako, mama."

"Siku mbili, kwa sababu yako, kichwa yai."

"Mwaka mmoja. Majirani wataniona mimi nani?"

"Watakuona gul, kama wanavyokuona sasa. Wiki. Na hakamui ngamia."

"Hatuna ngamia, mama. Tuna Damas."

"Hakamui Damas!"

Watu walikuwa wamebanana mpaka sahani za maua zinagongana. Mwenye ngamia alipiga kelele, "Teremka, mzee, teremka!" na mwenye soksi, "Usipande, mama, mwache ashuke mwenyewe!" Matniyaz alipiga pampu na jasho likamtoka kwapani.

"Mpaka mtoto wa kwanza," alisema Orazgeldi.

"Mpaka chai ya kwanza!"

"Chai ya siku ya tatu."

"Siku ya kwanza! Akishameza, anasema, na atasema anachotaka, na wewe utakaa usikilize!"

Orazgeldi alifunga macho kama mtu anayeuza kondoo wake bora kwa hasara. "Chai ya siku ya kwanza," alisema. "Baraka!"

Na akapiga kiganja.

"Baraka!" alisema Bikajon.

Lilitoka lenyewe. Lilitoka kama linavyotoka kwa mtu aliyelisema mara elfu sabini juu ya matikiti, bila kupitia kichwani.

"Baraka! Baraka!" ushoroba ukaitikia, na kuba zikarudisha. Mwenye soksi alipiga vigelegele kana kwamba binti ni wake. Mwongoza wageni aliwaambia Wafaransa kwamba walichokiona ni ngoma ya jadi, wakapiga makofi.

Bikajon alitazama kiganja chake. Alikigeuza, akatazama na upande wa pili. Aliinua macho, akawaona mashahidi kama arobaini, na nusu yao walikuwa wauzaji, watu wa sokoni, ambao kesho watakuwa wameshawaambia wauzaji wengine mpaka Urganch. Matniyaz aliingoja fimbo. Aliinamisha hata kichwa kidogo ili imkute vizuri.

"Nimenunua nini?" aliuliza Bikajon.

"Mkwe, mama."

"Yupi? Huyu mwenye kipara?"

"Huyu na mwanawe."

Alifikiri. Taya lake lilitafuna kitu kisichokuwepo. Kisha alimwambia Orazgeldi, "Toka humo basi. Unamzuia mama wa watu asiuze soksi."

Orazgeldi alitoka kwa awamu, miguu kwanza. Alipokwisha kusimama alimpigia Bikajon goti, palepale kwenye mawe, kichwa kikiwa wazi. Bikajon hakumtazama. Alitazama juu yake, shubakani, mahali palipobaki patupu, kwa muda ambao mtu angeweza kuhesabu mpaka kumi. Mwenye soksi hakuharakisha kurudi.

"Vaa kofia," Bikajon alisema hatimaye. "Utashikwa na mafua, na sasa dawa ni juu yangu."

Walitoka upande wa pili kwenye jua. Matniyaz alimshika mama yake mkono, naye akamwegemea zaidi ya kawaida. Walikwenda hatua kadhaa hivyo.

"Wewe," alisema Bikajon.

"Naam, mama."

"Umeniuza."

Matniyaz alitaka kusema samahani. Neno lilifika mpaka kwenye meno, akalifungia humo. "Ndiyo, mama."

"Mkono wako ulikuwa unatoa jasho. Dalali hatoi jasho. Mteja akilihisi anajua unaogopa."

"Nilikuwa naogopa."

"Nilihisi," alisema Bikajon. "Ningeweza kuuchomoa wangu."

Matniyaz alisimama. Mama hakusimama, kwa hiyo ilimbidi amfuate tena, nusu hatua nyuma, akiwa ameshika kiwiko chake, asijue kama ni yeye anayemwongoza mama au ni mama anayemwongoza. Nyuma yao Nepes hakuwa amepata nafasi ya kusema neno. Poshsha alikuwa tayari anabishana na baba mkwe wake, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa ngamia, kama chai ile iliyotajwa kwenye bei ilikuwa kikombe kizima au funda moja tu.